Robo Si Zamu: Selimundu, Urithi na Maswali Yanayobaki Darasani

Nilikuwa nimeandika T kubwa na t ndogo ubaoni, nikawaambia kidato cha nne watoe ndimi nje. Anayeweza kuukunja ulimi ukawa kama mfereji, nikasema, ana T. Asiyeweza ni tt. Darasa likachangamka, kila mmoja anamtolea mwenzake ulimi, na mimi nikajiona mwalimu hodari. Wiki iliyofuata msichana mmoja akanisubiri nje ya ofisi ya walimu. Alikuwa amewapima wazazi wake nyumbani. Baba hakunji, mama hakunji, yeye anakunja. Kwa jinsi nilivyofundisha, wazazi wawili tt hawana T ya kumpa mtoto, kwa hiyo jambo hilo haliwezekani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kwa hiyo yule si baba yangu?"

Kosa lilikuwa langu, na la vitabu nilivyovitegemea. Habari ya ulimi ilianza mwaka 1940, pale Mmarekani Alfred Sturtevant alipopendekeza kwamba kukunja ulimi kunatawaliwa na jeni moja. Mwaka 1952 Philip Matlock akachunguza jozi 33 za mapacha wa kufanana, watu wenye jeni zilezile, akakuta jozi 7 ambazo pacha mmoja anakunja na mwingine hawezi. Sturtevant mwenyewe baadaye aliona aibu kwamba mfano wake bado unafundishwa. Lakini ukishaingia kitabuni hautoki, na mwenzake, ule wa ndewe za masikio zilizoachia na zilizoshikana, nao ni dhaifu vilevile.

Tangu siku ile naufundisha urithi kwa kutumia selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hapa kweli jeni ni moja, kweli badiliko ni la herufi moja, na ugonjwa wenyewe uko mitaani kwetu. Lakini nimehama kwenye mfano mbovu nikaingia kwenye mfano mzito. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni kwamba watu 13 hadi 20 kati ya kila 100 wamebeba nakala moja ya jeni ya selimundu. Darasa la wanafunzi 50 lina sita, saba, pengine kumi wa namna hiyo, na huenda yuko mmoja mwenye ugonjwa kamili ambaye wenzake wanadhani ni mtoro tu. Herufi ninazoandika ubaoni zimekaa kwenye madawati.

Nao wanafunzi hawaji vichwa vitupu. Wanakuja na fundo: kwa nini ugonjwa huu upo, nani ataupata, na nani wa kulaumiwa, yote yamesokotwa pamoja. Nyumbani huwa ni swali moja tu. Kazi ya mwalimu ni kuuchomoa kila uzi peke yake.

Mama anapaka samaki

Naanza kwa kuandika sentensi ubaoni: Mama anapika samaki. Kisha nafuta herufi moja, naweka nyingine: Mama anapaka samaki. Idadi ya herufi ni ileile, sentensi bado inasomeka, ila chakula cha jioni kimeharibika. Hivyo ndivyo selimundu ilivyo.

Maelekezo ya mwili yameandikwa kwenye DNA kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Kipande chenye maelekezo ya kutengeneza protini fulani ndicho tunachokiita jeni. Himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, ina mnyororo unaoitwa beta, na jeni ya mnyororo huo iko kwenye kromosomu ya 11. Mahali panapopaswa kusomeka GAG, kwa jeni ya selimundu panasomeka GTG. Kwa herufi hiyo moja, amino asidi ya sita kwenye mnyororo inabadilika: badala ya glutamiki inakaa valini. Vernon Ingram ndiye aliyeligundua hilo Cambridge mwaka 1956. Miaka saba kabla yake, Linus Pauling na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hutofautiana na ya wengine, na ikawa mara ya kwanza ugonjwa kuelezwa kuwa ni kasoro ya molekuli. Jina la Pauling tulikumbuke. Atarudi chini huko, na hatarudi kwa sifa.

Valini haipendi maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni yake, valini hizo hutafuta pa kujificha, zikaegemea himoglobini jirani, na jirani ya jirani, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi zinaisukuma chembe kutoka ndani, na ile chembe laini ya duara inapinda. Hapa huwa nachomoa mundu wa kukatia majani niliokuja nao kutoka nyumbani. Wanafunzi wa mjini wamelitaja neno selimundu tangu utotoni na wengi wao hawajawahi kuuona mundu.

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20. Mwili hauwezi kutengeneza damu kwa kasi hiyo, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu; na kwa kuwa chembe nyingi huvunjika, macho yake huwa ya manjano. Tena chembe hizo hazipenyi vizuri kwenye mishipa myembamba. Zikiziba kwenye mifupa, ni maumivu ambayo mgonjwa hawezi kuyaeleza akaeleweka. Zikiziba kwenye ubongo, ni kiharusi, hata kwa mtoto wa miaka mitano. Bandama huharibika mapema, na bila bandama bakteria wa nimonia huingia kama nyumba isiyo na mlango. Mtoto mdogo mara nyingi huanza kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu, na bibi akasema mtoto amekaa kwenye baridi.

Maharage kwenye kofia

Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala mbili za kawaida ni AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya selimundu ni AS. Mwenye mbili za selimundu ni SS, na huyu ndiye mgonjwa. AS si mgonjwa nusu. Huyu anaishi maisha yake yote bila kujua, isipokuwa kwa nadra sana, kwa mfano akijichosha kupita kiasi kwenye joto kali au akipanda mahali pa juu mno ambapo hewa ni hafifu.

Naomba kofia mbili. Kila kofia naitia haragwe jekundu moja, ndiyo A, na jeupe moja, ndiyo S. Kofia ya kwanza ni baba AS, ya pili ni mama AS. Mwanafunzi anafumba macho, anachomoa moja huku na moja kule, anasema amepata mtoto gani, halafu anarudisha. Sisitizo langu lote liko kwenye hilo neno la mwisho.

Maana kuchora ule mraba wenye vyumba vinne, wa kuorodhesha watoto wanaowezekana, hakuwashindi. AA, AS, AS, SS; robo, nusu, robo. Wanaupata wote kwenye mtihani. Lakini ukiwauliza, "Hawa wazazi tayari wana mtoto mmoja SS, je, watatu wanaofuata?" wengi hujibu bila kusita kwamba watakuwa salama, kwa sababu robo imeshatoka. Wanaifikiria robo kama zamu ya bombani: akishachota mmoja, ndoo inayofuata ni ya mwingine. Si zamu. Kofia haikumbuki. Kila mimba huanza na maharage yaleyale mawili kila upande, na uwezekano ni robo, robo, robo, hata kama ni mtoto wa saba.

Tukifanya hesabu kamili, kati ya familia 100 za wazazi AS wenye watoto wanne kila moja, ni 42 hivi tu zitakazopata SS mmoja kamili kama mraba unavyodokeza. Familia 32 hivi hazitapata hata mmoja. Zinazobaki, kama 26, zitapata wawili au zaidi. Majirani wawili wenye jeni sawa kabisa: mmoja hajawahi kulala wodini, mwingine ana watoto watatu kwenye kliniki. Na mtaa mzima unatafuta alichokosea huyu wa pili.

Michanganyiko mingine ni myepesi. AA na AS hawapati SS, ila kila mtoto ana uwezekano wa nusu kuwa AS. AA na SS hupata watoto AS watupu. AS na SS, nusu kwa nusu.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa mambo mengi wamepatia, lakini hapa methali inakwama: wazazi wawili wenye afya tele, wasio na mgonjwa wanayemkumbuka kwenye ukoo, wanazaa mtoto mgonjwa, na ametokana nao kihalali kabisa. S inaweza kupita vizazi na vizazi ndani ya watu AS bila kubisha hodi. "Kwetu haupo ugonjwa huo" ni kauli inayothibitisha tu kwamba bado S mbili hazijakutana.

Mbu ndiye aliyeitunza

Hapo mwanafunzi makini huuliza: kama jeni hii inaua watoto, kwa nini haijaisha yenyewe? Ni swali zuri kuliko yote, na jibu lake lilitafutwa hapahapa kwetu.

Anthony Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akawa anapima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Akaona kitu cha ajabu: wanaobeba selimundu walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ramani nyingine aliyoijua tangu utoto, ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba wenye AS wana kinga dhidi ya malaria. Tafiti zilizofuata, zikiwamo za Kilifi, pwani ya Kenya, zimeonyesha kwamba mtoto AS hupungukiwa na hatari ya kupata malaria kali kwa takriban asilimia 90.

Kwa maelfu ya miaka, basi, mtoto AA alikufa kwa malaria, mtoto SS alikufa kwa selimundu, na AS akabaki kuzaa. Kila kizazi A na S zilisalia zote mbili. Mahali penye mbu wengi S ikaongezeka. Miongoni mwa Baamba wa magharibi mwa Uganda, watafiti wa miaka ya nyuma walikuta karibu watu 45 kati ya 100 wanaibeba.

Hapa nasimama kwa makusudi, kwa sababu neno "jeni mbaya" limeshazoeleka midomoni. Mbaya wapi? Kuna uwezekano mkubwa kwamba wengi wetu tuliopo darasani tusingezaliwa kama bibi fulani wa bibi yetu asingekuwa AS mwaka ambao malaria ilipita kijijini. Ila nawaonya pia wasilibebe somo hili vibaya: kinga ni ya AS. Mtoto SS akipata malaria huwa hatarini zaidi ya wengine, na anatakiwa kulala ndani ya chandarua na kupewa dawa za kinga. Nimeshakutana na mzazi aliyeamini kinyume chake.

Jeni ilisafiri pamoja na watu. Meli za watumwa ziliipeleka Amerika, mahali ambapo malaria imeondoka na jeni imebaki. Daktari James Herrick wa Chicago alipozieleza chembe zilizopinda kwa mara ya kwanza mwaka 1910, mgonjwa wake alikuwa kijana kutoka kisiwa cha Grenada. Oman wameikuta ya asili tofauti tofauti: ile ya upande wa Uarabuni na India, na pia aina inayoitwa ya Kibantu, kumbukumbu ya majahazi na biashara ya pwani yetu, ya halali na ya dhuluma. Iko India, iko Ugiriki, iko Saudia. Anayeuita ugonjwa wa watu weusi hajaitazama ramani ya mbu.

Uzi wa lawama

Ukishaelewa kofia mbili, hoja ya kumlaumu mama pekee inakufa papo hapo. SS haipatikani bila haragwe jeupe kutoka kila upande. Bado kuna wanawake walioachwa kwa kuzaa "watoto wa mkosi", na waume walioondoka wameoa wengine, wamebeba S zao mfukoni. Sisemi baba naye alaumiwe. Hakuna aliyechagua haragwe.

Lakini hesabu hiyohiyo ina makali upande wa pili. Mwanafunzi atauliza, na usipoulizwa mwaka huu utaulizwa mwakani: "Mama AS, baba AA, mtoto SS. Inawezekanaje?" Darasa zima linaguna na kucheka, kwa sababu jibu wanaloliwazia wote ni moja. Mwalimu akichekelea naye, amemaliza ndoa ya mtu asiyemjua.

Majibu ni mengi. La kwanza, kipimo. Kuna kipimo cha bei ndogo kinachotazama tu kama chembe zinapinda zikinyimwa oksijeni. Hicho hakitofautishi AS na SS, na mtu akiambiwa "una sikoseli" kwa kipimo hicho hajaambiwa kitu kamili. Kinachotenganisha himoglobini kwa aina zake, kama elektroforesisi, ndicho cha kutegemea, na hata hicho hudanganya kama mtu ameongezewa damu hivi karibuni. La pili, baba anaweza kuwa na jeni nyingine, ya thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, ambayo ikikutana na S huleta ugonjwa unaofanana sana na SS. La tatu, mabadiliko mapya ya jeni hutokea, japo ni nadra mno. La nne ndilo hilo wanalolicheka. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye mwenye maabara ya shughuli hizo. Kuna utaratibu wa nani anaomba kipimo na kwa njia ipi. Daftari la baiolojia halimo kwenye utaratibu huo.

Ndiyo maana sasa sitoi kazi ya "nenda nyumbani ukaulize makundi ya damu ya wazazi." Darasani tunatumia familia ya kubuni, Bwana na Bibi Maharage, yenye wajukuu wa kutosha. Wanafunzi wanajifunza kilekile, na hakuna anayerudi nyumbani na bomu mkobani.

Alama kwenye paji la uso

Sasa Pauling anarudi. Mwaka 1968 mwanasayansi huyu, ambaye kwa wakati huo alikuwa na Tuzo mbili za Nobel, mojawapo ya amani, aliandika akipendekeza kwamba kila kijana mwenye jeni ya selimundu achorwe alama kwenye paji la uso, ili wawili wenye alama wasipendane. Nia yake ilikuwa kupunguza mateso ya watoto. Naisoma habari hii darasani bila maoni, nangoja. Daima kuna wanaocheka kwanza, halafu kuna anayesema, "Lakini si ingesaidia?" Mjadala huanzia hapo, na ni mjadala mzuri kwa sababu aliyesema hivyo si mjinga.

Namjibu kwa kilichotokea Marekani muda mfupi baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa yaliwalazimisha watu weusi kupimwa, wakiwamo watoto wa shule, mara nyingi bila ushauri na bila kueleza tofauti ya AS na SS. Watu wazima wenye AS, wazima wa afya, wakanyimwa kazi na bima. Chuo cha Jeshi la Anga la nchi hiyo kiliwafungia mlango wenye AS hadi mwaka 1981. Sheria ya taifa ya mwaka 1972 ilisisitiza hiari, lakini alama ilikuwa imeshachorwa, si kwenye paji la uso, kwenye mafaili.

Saudia ilichukua njia nyingine. Tangu mwaka 2004 wachumba wanatakiwa kupimwa selimundu na thalasemia kabla ya ndoa; wakikutwa wote ni wabebaji wanaelezwa, kisha uamuzi ni wao. Miaka ya mwanzo wengi waliendelea na harusi. Kadiri miaka ilivyopita, waliosita wakaongezeka. Sababu mojawapo ya wale wa mwanzo kuendelea inaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi: majibu yakitoka mahari imeshalipwa na kadi zimeshagawiwa, nani atasimama kusema tusitishe?

Mimi naona kupima kabla ya ndoa ni jambo jema, na kulazimisha ni jambo baya, na sijifichi kulisema. Lakini nawapa wanafunzi nafasi ya kunipinga, na wengine hunishinda. Kuna mwaka mvulana alisema, "Mwalimu, hiari ni ya watu wenye hospitali karibu." Sikuwa na jibu la haraka.

Kisha kuna wachanga. Utafiti mkubwa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia matone ya damu yaliyokauka, yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya kupima VVU kwa watoto. Sampuli zaidi ya 97,000. Ulionyesha kwamba asilimia 13.3 walikuwa AS na asilimia 0.7 walikuwa SS, na serikali ikajua wilaya zipi zianze. Faida yake haina ubishi. Naomba darasa libishane hata hivyo: damu iliyotolewa kwa kipimo kimoja ipimwe kingine? Na mtoto akikutwa AS, ambaye hahitaji dawa yoyote, tumwambie nani na lini, ikiwa majibu yake yanamfichua mzazi mmojawapo?

Swali ninalolikwepa wakati mwingine, nakiri, ni la kumpima mtoto akiwa bado tumboni na kuchagua viinitete, yaani mimba changa kabisa. Silikwepi kwa sababu ya dini tu. Darasani anaweza kuwamo SS. Ukisema mbele yake "ugonjwa huu tuufute," masikio yake yanaweza kusikia "wewe usingezaliwa." Nikiligusa, naanza na maisha ya mwenye SS: anasoma, anapenda, ana mipango. Ndipo tunauliza wazazi wanaweza kuchagua nini.

Dawa ya senti na dawa ya mabilioni

Tanzania huzaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na iko miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kwa idadi hiyo, pamoja na Nigeria, Kongo na India. Bila matunzo, zaidi ya nusu ya watoto kama hao barani Afrika hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Lakini neno muhimu hapo ni "bila". Penisilini ya kila siku utotoni, chanjo, kinga ya malaria, foliki asidi na maji ya kutosha hubadilisha hadithi. Muhimbili wana mpango wa selimundu tangu mwaka 2004, ulioanzishwa chini ya Profesa Julie Makani, na wagonjwa waliofuatiliwa humo ni maelfu.

Kuna pia haidroksiyurea, kidonge cha kumeza kila siku. Huuamsha mwili urudie kutengeneza himoglobini F, ile tuliyoitumia tumboni mwa mama, ambayo haishikani. Kwa miaka mingi kulikuwa na hofu kwamba ikitumiwa Afrika ingeongeza maambukizi na malaria. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606 uliiondoa hofu hiyo: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, vifo vikapungua.

Mwisho wa mwaka 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni. Wanafunzi hudhani inaisahihisha ile herufi ya T. Hapana. Seli za uloto za mgonjwa, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, hutolewa, hukatwa swichi inayozima himoglobini F, kisha hurudishwa baada ya uloto wa zamani kuangamizwa kwa dawa kali. S inabaki palepale. Na kwa kuwa mayai na mbegu za kiume hazikuguswa, aliyepona bado atampa mtoto wake S. Tofauti hiyo ni kubwa kimaadili: He Jiankui wa China, aliyehariri viinitete vilivyozaliwa kuwa watoto mwaka 2018, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kufanya tiba kinyume cha sheria, na alichokibadilisha kitarithiwa na watu ambao hawajazaliwa na hawakuulizwa.

Bei ya Casgevy Marekani ni dola milioni 2.2. Ni zaidi ya shilingi bilioni 5. Naiandika kwa tarakimu zote ubaoni, na chini yake naandika penisilini. Halafu nawauliza: ungekuwa waziri, una bilioni 5, unafanyaje? Huwa kimya kidogo, halafu kelele.

Kipindi cha mwisho cha mada hii naweka kasha la kiatu mezani, lenye tundu. Kila mtu anaandika swali bila jina, hata asiye na swali anatumbukiza karatasi tupu, ili asijulikane aliyeandika. Mwaka jana karatasi moja ilikuwa na mstari mmoja: "Kama mimi ni AS nimwambie mchumba lini?" Nikaisoma, nikawaachia wao. Mmoja akasema siku ya kwanza kabisa. Wenzake wakamzomea, nani anaanza kutongoza kwa habari za himoglobini? Mwingine akasema baada ya kuzoeana. Msichana wa dawati la mbele akasema yeye angependa kuambiwa kabla hajapenda, maana akishapenda hatasikia. Akasimama kijana wa nyuma, mpole, ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo. Akasema, iwe kabla ya barua ya posa. Mshenga akishapiga hodi, jambo si la wawili tena. Kengele ikalia, hakuna aliyenyanyuka.